Mfiwa asisahauliwe baada ya mazishi

Wahenga walinena kuwa kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Jambo ambalo methali hiyo haikulitaja ni kwamba wa mbali hao pia huondoka. Kaburi likishafukiwa na mabasi yakisharejea mjini, mjane hubaki na nyumba kimya. Huo ndio wakati ambao afya yake huhitaji kuangaliwa zaidi.

Yafaa ifahamike kwamba majonzi hayakai moyoni tu. Mwili wenye huzuni kuu hutoa homoni kama adrenalini kwa wingi. Mapigo ya moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda na usingizi hupotea. Mwaka wa 1969, watafiti nchini Uingereza walichapisha habari za wagane, yaani waume waliofiwa na wake zao, wapatao 4,500, wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Katika miezi 6 ya kwanza, vifo miongoni mwao vilizidi kwa asilimia 40 vile vilivyotarajiwa kwa waume wa umri huo ambao wake zao walikuwa hai. Ongezeko kubwa zaidi la vifo hivyo lilitokana na maradhi ya moyo.

Aidha, kuna ugonjwa ambao madaktari wa Japani walianza kuueleza mwaka wa 1990. Waliuita takotsubo, jina la chungu cha kutegea pweza, kwa kuwa moyo wa mgonjwa hulegea na kuvimba hata ukafanana na chungu hicho. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, mara nyingi baada ya mshtuko kama vile msiba. Wengi hupona wakitibiwa mapema. Kwa hivyo, mfiwa akilalamika kuwa kifua kinauma au pumzi inakata, msimwambie ni uchungu tu wa msiba. Mpelekeni hospitalini mara moja.

Dawa na chakula

Hatari nyingine hutokana na shughuli zenyewe za matanga. Mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari husafiri hadi mashambani kwa mazishi na kuacha dawa zake Nairobi. Hukaa huko majuma mawili akinywa chai ya sukari nyingi na kulala saa chache. Baadhi ya dawa za moyo na shinikizo zikikatizwa ghafla, hali huwa mbaya kuliko awali. Kwa sababu hiyo, pale kamati ya mazishi inapomchagua mweka hazina, imchague pia mtu mmoja wa kushika dawa za mfiwa na kuhakikisha amezimeza na kula.

Dini na tiba

Imani ni nguzo kubwa wakati huu. Sala humpa mfiwa maneno pale ambapo yake yamekwisha, na ibada humrudisha kati ya watu. Hata hivyo, dini haimzuii mtu kutibiwa. Mjane Mwislamu aliye katika eda ya miezi 4 na siku 10 huruhusiwa kutoka kwa dharura kama ya matibabu, asikose kliniki. Mkristo mwenye kisukari anayetaka kufunga na kuomba amwone daktari kwanza, wala asiache kudunga insulini kwa hiari yake.

Majonzi ya kawaida hayana tarehe ya kwisha. Kulia ghafla, kukosa hamu ya chakula, hata kudhani umesikia sauti ya marehemu, si wazimu. Lakini uchungu mkali ukizidi miezi 6 bila kupungua, na mtu akashindwa kufanya kazi au kutunza watoto, hilo huhitaji tiba. Shirika la Afya Duniani sasa huitambua hali hiyo kuwa ugonjwa. Naye anayetaja kutaka kumfuata marehemu, au aliyeanza kulewa kila siku, asiachwe peke yake. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Zamu ya miezi 6

Wengi wetu tuna chama, jumuiya ndogo ya kanisa, msikiti au majirani wa ploti. Badala ya watu 40 kujazana sebuleni juma la kwanza na kutoonekana tena, wekeni zamu: mtu mmoja au wawili kila juma, kwa miezi 6. Anayezuru aulize maswali matatu: Umelala? Umekula? Umemeza dawa? Mara moja kwa mwezi amsindikize mfiwa kupimwa shinikizo. Wagane wasisahauliwe, kwani wengi walitegemea wake zao kuwapikia na kuwakumbusha dawa, na wanaume huona haya kuomba msaada.

Mchango wa jeneza ni jambo jema. Lakini aliye hai ndiye bado anayehitaji tiba.