Gari Limegoma Kuwaka: Pima Umeme Kabla ya Kununua Pampu ya Mafuta

Kijitabu cha elimu kwa wamiliki na madereva wa magari ya petroli

Kwa nini usome

Stata inazungusha injini vizuri, betri ina nguvu, lakini gari haliwaki. Gereji nyingi hukimbilia kusema pampu imekufa. Mwenye gari ananunua pampu, inafungwa, na gari linagoma vilevile, kwa sababu pampu ilikuwa nzima. Umeme ndio haukuifikia. Kijitabu hiki kinaeleza namna ya kujua ukweli kabla ya kutoa fedha.

Umeme unapita wapi

Kwenye magari mengi ya petroli yenye injekta, pampu imo ndani ya tangi, na aghalabu hufikiwa kwa kuinua kiti cha nyuma. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi na rilei, hufuata waya ulio chini ya zulia hadi kwenye soketi ya pampu, kisha hurudi kwa waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi. Kompyuta ya injini ndiyo inayoiamrisha rilei. Injini ikizimika, kompyuta huikata pampu ili petroli isiendelee kusukumwa gari likipata ajali.

Tahadhari

- Fanyia kazi mahali penye hewa. Usivute sigara wala kuwasha tochi ya simu au taa karibu na tangi lililofunguliwa.
- Weka kizimamoto cha unga karibu.
- Ng'oa waya wa hasi wa betri kabla ya kukata au kuunga waya wowote.
- Usigusishe waya kwa waya ili kuona cheche. Mvuke wa petroli hushika moto haraka.

Hatua za uchunguzi

1. *Sikiliza.* Mtu mmoja afungue swichi bila kupiga stata, mwingine asikilize kwenye kiti cha nyuma. Magari mengi hutoa mvumo kwa sekunde 2 hivi, kisha hunyamaza. Toyota nyingi za zamani hazivumi mpaka stata ipigwe, kwa hiyo ukimya wa mwanzo usikutishe.

2. *Kagua fyuzi.* Ikiwa imeungua, weka nyingine ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku. Ikiungua tena, kuna shoti kwenye waya au pampu inavuta umeme kupita kiasi. Kamwe usizungushie karatasi ya foili ya pakiti ya sigara au kipande cha waya: fyuzi haitakatika, waya ndio utakaowaka.

3. *Jaribu rilei.* Ibadilishe na nyingine ya namba ileile, kwa mfano ya honi. Rilei kulia "tak" si uthibitisho. Inaweza kulia huku vidole vyake vya ndani vimeungua.

4. *Pima kwenye soketi ya pampu.* Hapa ndipo kesi huamuliwa. Acha soketi ikiwa imechomekwa na ingiza ncha za mita kwa nyuma yake, kwani waya uliooza huweza kuonyesha volti 12 ukiwa mtupu, kisha ukaanguka pampu inapoanza kuvuta. Piga stata, usome, halafu ulinganishe na volti za betri wakati huohuo.

Kusoma majibu

- *Volti zinakaribia za betri, pampu kimya:* pampu ndiyo mbovu. Ibadilishe.
- *Hakuna umeme:* rudi nyuma hadi kwenye rilei na fyuzi.
- *Tofauti inazidi volti 1:* kuna kutu, soketi iliyoyeyuka au hasi mbaya. Weka ncha moja ya mita kwenye waya wa hasi wa pampu, nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi. Stata ikipigwa, mita inatakiwa isome karibu na sifuri.

Usisahau alamu na kifaa cha kufuatilia gari

Wafungaji wengi wa alamu, swichi za siri na vifaa vya kufuatilia gari hukata waya wa pampu na kuchomeka rilei yao katikati, chini ya dashibodi. Viungo hivyo, mara nyingi vikiwa vimesokotwa kwa mkono na kufungwa kwa tepu, hulegea au kupata moto. Iwapo gari lako lina kifaa kama hicho, anza kutazama hapo.

Kurekebisha

Kata waya uliooza mpaka shaba ing'ae, uunge kwa risasi au kiungo cha kubana, kisha uvike mpira wa kujibana kwa joto. Tumia waya wa unene uleule. Sehemu ya hasi isuguliwe kwa msasa na boliti ikazwe. Soketi iliyoyeyuka ibadilishwe yote, na pampu ipimwe inavuta ampea ngapi, la sivyo mpya nayo itayeyuka. Ndani ya tangi usitumie waya wala tepu ya kawaida, maana petroli huiharibu.

Pampu hupozwa na petroli inayoizunguka. Kuendesha kila siku taa ya mafuta ikiwaka kunafupisha maisha yake.

Fundi akikuambia pampu imekufa, muulize: "Zimefika volti ngapi kwenye soketi wakati wa kupiga stata?" Asipokuwa na jibu, bado hajapima, usinunue pampu.