Aproni ya Mtoto na Sayansi ya Kitambaa

Katika vilima vya Ngara na nyanda za Biharamulo, mkoani Kagera, mtoto wa miaka saba au minane aghalabu huwa amekwisha kuzoea kumenya ndizi mbichi pamoja na mama yake. Utomvu wa ndizi unapodondoka juu ya shati jeupe la shule hauonekani kuwa na madhara yoyote, kwani ni majimaji yasiyo na rangi ya kutisha. Baada ya muda doa la kahawia hujitokeza, wala sabuni haiwezi tena kuliondoa. Utomvu huo una tanini, ambazo zikikutana na oksijeni ya hewa hubadilika rangi na kushikamana na nyuzi za pamba. Zikigusana na chuma, kama vile kisu chenye kutu, doa huelekea kuwa jeusi. Kwa mzazi awezaye kumudu shati moja tu la sare kwa mwaka, hilo si jambo dogo. Ndiyo sababu aproni ya mtoto ni somo lifaalo kufundishwa kwa makini, na mwanafunzi wa sekondari aweza kuishona kwa mkono akikosa cherehani.

Mtoto huyo huyo, hata hivyo, akimaliza kumenya ndizi husogea kwenye mafiga. Kwa hiyo swali la kwanza ni juu ya kitambaa chenyewe. Madukani na magulioni, kuanzia Rulenge hadi Lusahunga, mnunuzi huweza kukuta drili, merikani, vitenge na tetroni. Biharamulo yenyewe imo katika ukanda wa pamba wa magharibi ya nchi, ingawa pamba hiyo ikishachambuliwa husafiri mbali sana kabla ya kurudi ikiwa kitambaa. Tetroni hupendwa kwa kuwa haikunjamani na hukauka upesi. Lakini ina poliesta, iwe tupu au iliyochanganywa na pamba, na poliesta huyeyuka kwenye joto la nyuzijoto 260 hivi. Mwali wa kuni huzidi joto hilo kwa mbali. Poliesta iliyoyeyuka hung'ang'ania ngozi, na jeraha lake huwa la kina. Pamba haiyeyuki, huungua na kuwa majivu. Isidhaniwe kwamba pamba ni salama, maana nayo hushika moto haraka, hasa ikiwa nyepesi. Kati ya hizo mbili, drili nzito ya pamba tupu ndiyo inayofaa, na aproni isiwe na marinda wala kipande chochote kinachoning'inia mbele.

Mwalimu anaweza kuzitambua nyuzi hizo mbele ya darasa, nje ya jengo, akiwa na ndoo ya maji karibu. Uzi mmoja ushikwe kwa koleo na kuchomwa. Pamba hunuka kama karatasi iungwayo moto na kuacha majivu mepesi ya kijivu. Poliesta hujikunja, hutoa moshi mweusi, kisha huacha punje ngumu isiyopondeka kwa vidole. Punje hiyo isiguswe mpaka ipoe.

Kitambaa kilichochaguliwa kifuliwe na kuanikwa kabla ya kukatwa, kwani nyuzi zilivutwa wakati wa kufumwa na maji huziruhusu kurudi nyuma. Anayeruka hatua hii hukata aproni ya kimo kimoja na kuvalisha ya kimo kingine.

Mwanafunzi na akitazame sasa kitambaa kwa karibu. Nyuzi za mtande hufuata urefu wa jora, na nyuzi za mshindio hupita kati yake kwa pembemraba. Nguo za magome zilizotumika zamani katika nchi za maziwa makuu, ambazo bado hutengenezwa Uganda, hazina mpangilio huo: gome hupondwa kwa nyundo za mbao hadi likawa tandiko moja. Kitambaa kilichofumwa kikivutwa kufuata mtande au mshindio hukataa kunyooka, lakini kikivutwa kwa mshazari hunyooka sana. Vijiti vinne vilivyofungwa kwa kamba katika pembe huonyesha sababu yake: mraba huo ukisukumwa kwenye pembe hugeuka kuwa msambamba, ingawa hakuna kijiti kilichorefuka.

Kwa mtoto wa umri uliotajwa, kitambaa chenye upana wa sm 48 na urefu wa sm 56 chatosha. Kikunjwe katikati kufuata mtande. Kutoka kwenye mkunjo, sm 12 zipimwe kwenye ukingo wa juu. Halafu sm 22 zishukiwe kwenye ukingo wa nje. Alama hizo mbili ziunganishwe kwa robo ya duaradufu iliyobonyea kuelekea mkunjo. Urefu wa mviringo huo ni sm 27 hivi. Unaanza sambamba na mtande na kuishia sambamba na mshindio, lakini katikati yake hukatisha nyuzi kwa mshazari. Hapo ndipo aproni nyingi za wanafunzi hulegea na kufumuka, nao hudhani kwamba sindano ndiyo yenye kosa.

Dawa yake ni ukanda uliokatwa kwa mshazari vilevile, ambao mafundi huuita hanamu, kwa kuwa huweza kupinda na mviringo bila kufanya makunyanzi. Vipande vilivyoanguka pembeni havitoshi: katika upana wa sm 12, mstari wa digrii 45 hauwezi kuzidi sm 17. Uchukuliwe mraba wa sm 25. Kwa kanuni ya Pythagoras, mshazari wake ni sm 35.4. Kanda mbili za upana wa sm 3, moja kila upande wa mshazari, zitakuwa na sm 29.4 kwenye ukingo mfupi, nazo zatosha mikono yote miwili. Ukanda hulazwa uso kwa uso na aproni, hushonwa nusu sentimita kutoka ukingoni, kisha hugeuzwa ndani na kupindwa. Baada ya hapo pande hupindwa sm 2, juu na chini sm 3.

Kamba, tofauti na kanda hizo, hukatwa kufuata mtande ili zisinyooke: mbili za shingoni za sm 40 na mbili za kiunoni za sm 55, zote upana wa sm 5 na kukunjwa mara nne. Kitanzi kizima cha shingoni, ambacho vitabu vingi vya ushonaji hukielekeza, hakifai hapa, maana kikinaswa na mpini au tawi humkaba mtoto. Kamba zote zifungwe mgongoni, kwa fundo la kitanzi. Kabla ya aproni kutolewa darasani, mwenzake avute ncha moja ya kila fundo: ikiwa aproni haianguki mara moja, kamba hizo zifumuliwe na kushonwa upya.