SOMO LA SHERIA: UBAGUZI WA KIJINSIA KAZINI NA HAKI ZA MWAJIRIWA

Katika mashamba ya chai ya milima ya Usambara, kuanzia Lushoto na Bumbuli hadi Amani, wanawake wengi hujitafutia riziki kwa kuchuma majani. Wapo wanaodhani kwamba kibarua anayelipwa kwa kilo hana haki mbele ya sheria, na kwamba mwenye mimba akiondolewa kazini hana pa kushitaki. Dhana hiyo si sahihi, na somo hili linakusudia kuiondoa.

Msingi wa haki hii ni Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na mwaka 2000 jinsia iliongezwa miongoni mwa misingi inayokatazwa. Ibara ya 23 inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake.

Kwa upande wa Tanzania Bara, sheria inayohusika ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Nam. 6 ya mwaka 2004. Kifungu cha 7 kinamkataza mwajiri kumbagua mwajiriwa kwa sababu ya jinsia, mimba, hali ya ndoa au majukumu ya familia. Katazo hilo linagusa matangazo ya kazi, uteuzi, ujira, mafunzo, kupandishwa cheo na kuachishwa kazi. Aidha, anayeomba kazi naye analindwa, na unyanyasaji wa kijinsia nao huhesabiwa kuwa ni ubaguzi.

Chukulia mfano wa mchumaji ambaye mnyapara amemwondoa katika orodha baada ya kuonekana ana mimba. Mwajiri akidai kwamba huyo ni kibarua tu, Sheria ya Taasisi za Kazi, Nam. 7 ya mwaka 2004, ina jibu: aliyemfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi, katika miezi mitatu iliyopita, huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Vile vile, mlalamikaji akishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba haukutokea, au kwamba hatua yake haikutokana na sababu iliyokatazwa.

Mambo ya kuzingatiwa kuhusu uzazi ni haya:

(i) Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja.
(ii) Mwajiriwa ampe mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari.
(iii) Anayenyonyesha apewe muda usiozidi saa mbili kwa siku, katika saa za kazi.
(iv) Mwenye mimba au anayenyonyesha asipewe kazi yenye kuhatarisha afya yake au ya mtoto.

Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi afike ndani ya siku 30. Migogoro mingine ni ndani ya siku 60. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako: wengi hupoteza haki zao kwa kusubiri ahadi za mdomo. Mtumishi wa umma wa Bara, kwa marekebisho ya mwaka 2016, hana budi kwanza kumaliza ngazi za rufaa zilizomo katika Sheria ya Utumishi wa Umma.

Ieleweke kwamba kazi si jambo la Muungano. Kwa hiyo mkaazi wa Zanzibar anayefanya kazi Zanzibar aongozwe na Sheria ya Ajira Nam. 11 ya mwaka 2005. Aliyevuka bahari na kuajiriwa Lushoto aongozwe na sheria ya Bara.

Waajiriwa wote wanahimizwa kutunza barua, hati za malipo na vyeti vya kliniki, kwani shauri hujengwa kwa ushahidi. Waajiri nao wanakumbushwa kwamba mimba si kosa la kazi.