Dondoo muhimu: Rejeta ndogo ya hita ikivuja

Zulia la upande wa abiria limelowa, kioo cha mbele kina ukungu wenye mafuta, na ndani mnanuka utamutamu? Shuku rejeta ndogo ya hita. Acha injini ipoe kabisa ndipo ufungue kifuniko cha rejeta kubwa. Kabla ya kufungua dashibodi chomoa betri mapema, kwani mna mfuko wa hewa. Mpira wa hita ulioganda usiuvute kwa nguvu. Uchane kwa kisu, mpira ni rahisi kuliko rejeta mpya. Piga picha kila skrubu inapotoka. Ukishajaza kulanti, fungulia hita hadi mwisho ili hewa itoke. Kulanti iliyomwagika ifute: ni sumu, na mbwa huifuata kwa utamu wake. Dar es Salaam unaweza kuunganisha mipira miwili na kuiruka hita. Njombe utajuta kwa baridi ifikapo Julai.