Maji ya Tumboni na Askari wa Mwili: Kijitabu kwa Wakazi wa Mloka

Mtu ambaye figo zake zimeshindwa na kazi, damu yake ikajaa taka zilizopasa kutoka kwa mkojo, aghalabu husafishwa kwa mashine, naye hulazimika kufika hospitali mara tatu kwa juma na kukaa hapo saa nne kila mara. Iko njia nyingine, ingali haba nchini mwetu, nayo ni kutiwa tumboni, kwa mpira laini, maji maalumu ambayo hukaa humo saa kadhaa yakivuta taka kupitia utando wa tumbo, kisha yakatolewa na kutiwa mengine. Mwaka 2009 hospitali ya KCMC, Moshi, ilianza kuwatibu hivyo watu ambao figo zao zilisimama ghafla. Na kwa kuwa tiba hii yaweza kufanyika nyumbani, kwa mwenyeji wa Mloka, ambaye kufika Kibiti tu ni safari, ina faraja kubwa.

Illa faraja hiyo ina sharti. Tumboni mwetu wamo askari wa asili, chembe ziitwazo makrofaji, ambazo humeza vijidudu, na vita vikizidi huja nutrofili kutoka katika damu kuzisaidia. Maji ya kawaida ya tiba hii yana sukari nyingi ili yavute maji ya mwilini, nayo hufanywa kuwa na uchachu kwa sababu sukari ikichemshwa pasipo uchachu huharibika upesi. Na hata hivyo moto wa kuua vijidudu huivunja kiasi, ikazaa sumu ndogo ndogo. Wataalamu walipoziweka chembe nyeupe katika maji hayo yasiyotumiwa bado, waliona zinameza vijidudu vichache na kuviua kwa uvivu, maana uchachu ukifuatana na chumvi ya laktati hupenya hadi ndani ya chembe, na sukari huzikausha. Tena kila yanapotolewa maji, hutoka pamoja nayo askari wenyewe na kinga nyingine za damu.

Hapana haja ya hofu. Mwili huuondoa uchachu huo katika muda wa nusu saa hivi, na siku hizi iko mifuko ya vyumba viwili, ambayo maji yake huchanganywa wakati wa kutumiwa na hayaziudhi chembe kiasi kile, ingawa ni ghali.

Twaona ni kosa kumwamuru mgonjwa aoshe mikono pasipo kumwambia sababu. Sababu ndiyo hii: kijidudu kimoja kiingiacho kwa mkono hukuta askari waliolegea. Basi na afunge mlango na kuzima feni, kisha aoshe mikono kwa sabuni na kuikausha kwa kitambaa safi. Na maji ya mto Rufiji, hata yakitulia mtungini yakawa maangavu, yasiguse kiungo cha mpira. Kadhalika asijichagulie mfuko wa sukari kali, ule wa asilimia 4.25, kwa kuwa jana alikunywa maji kupita kiasi. Hiyo ni amri ya daktari.

Maji yatokayo yakiwa na ukungu, hata kama tumbo halijauma, ukungu huo aghalabu ni chembe nyeupe, hasa nutrofili, zilizokwisha kusanyika, zaidi ya 100 katika kila mikrolita. Msingoje yatakate. Ondokeni siku ile ile kwenda hospitali iliyomtia mgonjwa mpira, na mfuko wenyewe mchukueni, usimwagwe, kwani humo ndimo daktari atakamotafuta jina la kijidudu na dawa yake.