Jinsi ya Kusoma Amri za Kiingereza kwenye Lebo za Bidhaa

Maelekezo mengi ya matumizi ya dawa, vyakula na kemikali za nyumbani huandikwa kwa sentensi za amri za Kiingereza. Mtumiaji asiyezielewa ipasavyo huweza kudhurika hata kwa bidhaa isiyo na kasoro.

Muundo wa amri

Amri ya Kiingereza huanza na kitenzi kitupu, bila kumtaja mtendaji: “Shake well before use”, yaani, tikisa vizuri kabla ya kutumia. Kiswahili hutofautisha “tikisa” na “tikiseni”, Kiingereza hakitofautishi.

Makatazo hutanguliwa na “Do not” au “Never”, na katazo hilo huvihusu vitenzi vyote vinavyofuata. “Do not crush or chew” hukataza kuponda na kutafuna pia. Baadhi ya vidonge hutengenezwa ili viachilie dawa polepole. Vikipondwa, dozi ya saa nyingi huingia mwilini kwa mara moja.

Vitenzi vinavyopotosha

Baadhi ya vitenzi hubeba maana tofauti na ile iliyozoeleka:

• “Take”: si chukua, bali meza au kunywa.
• “Apply”: si omba, bali paka.
• “Store”: hifadhi.
• “Avoid”: epuka. Hili ni katazo, ijapokuwa halina “not”.
• “Discard”: tupa. “Discard 28 days after opening” humaanisha utupe dawa siku 28 baada ya kuifungua, hata ikiwa imesalia na tarehe ya mwisho wa matumizi haijafika.

Katazo la dharura

“Do not induce vomiting” maana yake ni usimtapishe. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa akitapishwa, mafuta hayo huweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitalini mara moja, ukibeba chombo chenye lebo.

Haki yako

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Kwa hiyo, usione haya kumwomba mfamasia au muuzaji akufafanulie amri usiyoielewa. Kisha irudie mbele yake kwa lugha yako mwenyewe, ili akusahihishe kabla hujaondoka dukani.