Pambo Linaposhika Kitambaa: Sayansi ya Marinda, Mshazari na Darizi

Kata mraba wa kitambaa cha pamba, sentimita 20 kila upande, sambamba na ukingo wa jora. Shika pande mbili zinazotazamana, uvute. Hakisogei sana. Sasa shika pembe mbili zinazotazamana, uvute kwa nguvu ileile. Kitambaa kinarefuka, kinajibana katikati, na ukikiachia hakirudi mara moja kama kilivyokuwa. Nyuzi ni zilezile na mikono ni ileile. Kilichobadilika ni mwelekeo.

Nakuomba ufanye jaribio hili kabla ya kuendelea kusoma, kwa sababu karibu kila pambo la nguo, liwe mkanda wa shingoni, marinda ya pindoni au maua ya kutarizi kifuani, hufaulu au kuharibika kwa sababu inayoonekana katika jaribio hili. Katika barabara za Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura, mafundi wa cherehani wanaijua sababu hiyo kwa vidole. Tunachotaka hapa ni kuijua pia kwa akili, ili anayejishonea gauni sahili nyumbani aweze kulipamba bila kubahatisha.

Tuanze na kitambaa chenyewe. Kitambaa cha kufuma kina nyuzi za aina mbili. Mtande ni zile zinazokwenda na urefu wa jora. Ndizo hutangulia kutandwa kwenye kitanda cha mfumi. Mshindio ni zile zinazopita kati yake, juu ya mmoja, chini ya unaofuata. Hakuna gundi wala fundo mahali zinapokutana. Kinachozishika ni msuguano tu. Unapovuta kufuata mtande, unavuta nyuzi zenyewe, na uzi wa pamba haurefuki kirahisi. Unapovuta kwa mshazari, yaani kutoka pembe hadi pembe, huzivuti nyuzi. Unazizungusha mahali zinapokutana. Ni kama fremu ya dirisha yenye misumari iliyolegea: mbao hazirefuki hata kidogo, lakini fremu nzima inalala upande. Vyumba vidogo vya mraba kati ya nyuzi vinageuka kuwa vya umbo la almasi, kitambaa kinarefuka huku na kupungua upana kule.

Udhaifu huu ndio zawadi kubwa ya fundi. Shingo ya gauni ni mviringo, na utepe uliokatwa kufuata mtande hauwezi kuzunguka mviringo bila kukunjamana, maana ukingo wake wa nje na wa ndani unatakiwa uwe na urefu tofauti. Utepe uliokatwa kwa mshazari wa digrii 45 unaweza. Upande wa nje vyumba vyake vinanyooka, upande wa ndani vinabanana, na wote unalala bapa. Kwa hiyo mkanda wa kitenge cha rangi nyingine, wenye upana wa sentimita 3 au 4, uliokatwa kwa mshazari na kukunjwa, unaweza kuzungushwa shingoni, kwapani na mdomoni mwa mfuko, ukalifanya gauni la rangi moja lionekane limefikiriwa. Madeleine Vionnet alijenga jina lake Paris katika miaka ya 1920 kwa kukata magauni mazima kwa mshazari, yakaufuata mwili bila mishono mingi ya kuubana. Kwetu mkanda unatosha.

Lakini zawadi hiyo ina gharama. Kitu kinachorefuka kwa urahisi kitarefuka pia pale usipotaka. Ukivuta mkanda wa mshazari wakati wa kushona, ukishauachia utataka kurudi, na shingo yote itakunyata. Ukiisukuma nguo yenyewe chini ya mguu wa cherehani, shingo itapanuka na kulegea. Ndiyo maana fundi mzuri hupitisha kwanza mshono mmoja wa kawaida kuzunguka shingo, karibu na ukingo, kabla hata ya kuweka mkanda. Mshono ule hauonekani baadaye, ila umeshaweka mipaka: sasa kuna uzi unaozunguka, nao haurefuki.

Mshono wenyewe unashikaje? Cherehani ya kawaida, ile ambayo Elias Howe aliipatia hataza Marekani mwaka 1846 na Isaac Singer akaiboresha mwaka 1851, hutumia nyuzi mbili. Wa juu hushuka na sindano, wa chini hutoka kwenye bobini, na hujifunga kila mmoja kwa mwenzake katikati ya unene wa kitambaa. Hakuna fundo hapo pia. Kuna uzi uliopinda kwenye uzi. Kwa uzi unaozunguka kitu, nguvu inayoweza kushikwa haijumlishwi, inazidishwa. Kanuni hii inahusishwa na jina la Leonhard Euler, mwanahisabati wa karne ya 18. Kama kipimo cha msuguano ni 0.3, nusu duara moja ya uzi huzuia nguvu takriban mara 2.5 ya ile iliyo upande wa pili. Nusu duara ya pili huzidisha tena mara 2.5, na tayari umepita mara 6. Basi unaporudisha cherehani nyuma mishono mitatu minne mwishoni mwa mstari, hupotezi uzi. Umeongeza kona, na kila kona inazidisha.

Sasa marinda. Hapa ndipo wengi wanaopamba nguo nyumbani hukata tamaa, kwa kuwa marinda ya kichwani hayafanani na yale yanayotoka mkononi.

Kuna njia mbili za kuyapata, na kifizikia ni mambo mawili tofauti. Ya kwanza ni kuchukua ukanda mrefu ulionyooka na kuulazimisha uingie katika urefu mfupi. Ukiwa na pindo la sentimita 150 na ukanda wa sentimita 300, kila sentimita ya nguo italazimika kumeza sentimita mbili za ukanda. Ziada haina pa kwenda ila nje, kwa hiyo kitambaa kinajipinda mbele na nyuma. Ukubwa wa mawimbi hautegemei matakwa yako peke yake. Unategemea ugumu wa kitambaa, uzito wake na urefu wa mishono. Kitambaa kigumu hakipendi kupinda kwa kona kali, kwa hiyo hufanya mawimbi machache makubwa. Kitambaa laini hufanya madogo mengi. Kitenge kipya kina dawa ya kiwandani inayokifanya kikakamae, na mtu akikikusanya kabla ya kukifua hupata marinda yaliyosimama kama ukuta. Akishakifua, mkusanyo uleule unamwagika vizuri.

Jambo la pili katika njia hii ni idadi ya mistari. Ukikusanya kwa mstari mmoja wa mishono mirefu, kila rinda limeshikwa mahali pamoja tu, na kitu kilichoshikwa mahali pamoja kinaweza kuzunguka. Linalala kulia, jirani yake kushoto. Weka mistari miwili sambamba, iliyoachana nusu sentimita, kisha uvute nyuzi zote mbili pamoja. Sasa rinda limeshikwa mahali pawili, na sehemu mbili huamua mwelekeo pamoja na mahali. Marinda yote yanatazama chini. Tofauti ni kubwa mno kwa kazi ya dakika chache, na mimi sielewi kwa nini watu huuruka mstari wa pili.

Njia ya pili haikusanyi chochote. Unakata duara lenye tundu katikati, unalipasua mahali pamoja, kisha unaunyoosha ukingo wa ndani na kuushona kwenye pindo. Fanya hesabu. Tundu likiwa na nusu kipenyo cha sentimita 8, mzunguko wake ni karibu sentimita 50. Upana wa kitambaa ukiwa sentimita 8 tena, nusu kipenyo cha nje ni 16, na mzunguko wa nje ni karibu sentimita 100. Ukiunyoosha ukingo wa ndani, ukingo wa nje una urefu mara mbili ya nafasi iliyopo. Unalazimika kufanya mawimbi chini, huku juu pakibaki bapa kabisa bila hata kunyanzi moja. Ndiyo maana marinda ya duara yanapendeza mahali ambapo hutaki unene, kama kiunoni au kwenye mkono wa blauzi. Pindo la sentimita 150 litahitaji maduara matatu ya namna hiyo. Ukitaka mawimbi ya upole, ongeza tundu au punguza upana: tundu la 8 na upana wa 4 hukupa ukingo wa nje wa sentimita 75 tu, yaani mara moja na nusu.

Kumbuka lakini jaribio la mraba. Duara linapita kwenye mtande, kwenye mshindio na kwenye mshazari, vyote katika kipande kimoja. Sehemu za mshazari zitashuka kwa uzito wao wenyewe, nyingine zitabaki. Tundika nguo usiku mzima kabla ya kukunja pindo la mwisho, kisha ukate kilichoshuka. Anayepiga pindo siku hiyohiyo atakuwa na gauni lenye pindo la kupanda na kushuka baada ya wiki.

Tuje kwenye darizi. Kofia za viua, zile nyeupe zenye vitundu vilivyozungushiwa uzi, huonekana Buyenzi kila Ijumaa kama zinavyoonekana Zanzibar na Lamu. Zimeshonwa kwa kitambaa cha kawaida cha pamba, ambacho kikiwa peke yake kingeanguka juu ya nywele. Kwa nini kofia inasimama?

Fikiria unapokunja kitu chochote bapa. Upande wa nje hulazimika kurefuka, wa ndani hufupika, na katikati hapabadiliki. Ukiongeza unene mara mbili, nyenzo ni mara mbili. Iko mbali na katikati mara mbili, kwa hiyo inarefushwa mara mbili. Na inapinga ikiwa mbali mara mbili, kwa hiyo nguvu yake ya kupinga mkunjo ni mara mbili tena. Zidisha 2 kwa 2 kwa 2, unapata 8. Hii ni hesabu ya kipande kimoja kinene. Matabaka mawili yanayoteleza moja juu ya jingine hayapati faida hiyo. Kila moja linajikunja kivyake, na ugumu ni mara 2 tu. Kazi ya mishono mingi ya kofia ni kuyazuia matabaka yake ya kitambaa yasiteleze. Hayafikii 8 kamili, maana uzi nao hulegea kidogo, lakini yanaikaribia kadiri mishono inavyobanana. Pamoja na uzuri wake, nakshi ile ndiyo inayoisimamisha kofia.

Kanuni hiyohiyo inakuambia wapi pa kuweka mistari ya mapambo kwenye nguo ya nyumbani. Kola, miisho ya mikono, mkanda wa kiuno na mdomo wa mfuko hutaka ugumu: piga mistari minne au mitano sambamba kwa uzi wa rangi nyingine, vitapendeza na vitakaa. Sehemu inayotakiwa kutiririka, kama ubavu wa sketi, iache. Nimeona maua mazito yaliyotariziwa katikati ya kitambaa chepesi yakaning'inia kama kibao. Kila mshono ni uzi mpya ulioingizwa mahali palipokuwa tayari pamejaa nyuzi. Zinasukumana, na kitambaa kinakunyata hata kama hukuvuta sana. Tumia uzi mwembamba, acha nafasi kati ya mishono, na weka karatasi nyembamba chini yake wakati wa kutarizi, uichane ukimaliza.

Vifungo na shanga havina maneno mengi: uzito wote unashikwa na vitundu vichache, basi weka kipande kidogo cha kitambaa upande wa ndani kigawane mzigo.

Limebaki maji, nayo huharibu mapambo mengi kuliko sindano mbaya. Bonde la Imbo, ambamo Bujumbura yenyewe imo, ndilo shamba kuu la pamba la Burundi. Hapa mjini kiwanda cha nguo cha COTEBU, kilichokuja kushikwa na kampuni ya Afritextile, kimelifuma zao hilo. Pamba hunywa. Katika hewa ya kawaida tu hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, wakati poliesta hubeba kama asilimia 0.4. Unyuzi wa pamba ukilowa huvimba unene zaidi sana kuliko urefu. Mtande ukinenepa, mshindio unalazimika kupanda na kushuka zaidi ili kuuvuka, na kwa kuwa haukurefuka, kitambaa chote kinafupika. Ndiyo maana nguo mpya ya pamba inaruka inapofuliwa mara ya kwanza. Lesi ya poliesta uliyoishona juu yake hairuki. Gauni linafupika chini ya lesi, na lesi inabaki na mikunyanzi ambayo hakuna pasi itakayoiondoa.

Pasi ina kanuni ya aina hiyohiyo. Ndani ya pamba, minyororo ya selulosi hushikana kwa vifungo dhaifu ambavyo maji huvifungua na joto kavu huvifunga upya. Mkunjo wa pamba uliopigwa pasi ukiwa na unyevu utakaa hadi maji yarudi, basi. Mkunjo wa poliesta uliowekwa kwa joto kali hudumu hata baada ya kufuliwa, lakini pasi ya makaa iliyokolea huiyeyusha, kwa hiyo weka kitambaa cha pamba katikati.

Basi kabla hujakata gauni lijalo, fua kitambaa, lesi na mkanda pamoja katika beseni moja, uvianike, uvipige pasi. Kisha chukua kipande kidogo cha ziada, ukivute kwa mtande, kwa mshindio na kwa mshazari, ushone pambo lako hapo kwanza. Likikunyata kwenye kipande hicho, litakunyata kifuani pia.